Kigoda cha Fundi Taratibu

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili katika kiwanda chetu cha uchapaji, fundi wetu wa kompyuta anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi na bila shaka litasomwa ukumbini siku hiyo, lakini tunaonya mapema: likisomwa bila maelezo, nusu ya wafanyakazi watageuka kuulizana ni nani huyo anayeagwa. Kwetu sisi yeye ni Fundi Taratibu, na hata wateja wanaopiga simu humwulizia hivyo hivyo.

Jina hilo alipewa na vijana wa chumba cha mitambo, na hawakumpa kwa kumsifu. Hapa kwetu kila kazi huingia ikiwa imekwisha kuchelewa. Mteja anakuja na kalenda mwezi wa Desemba, anataka mwaka mpya uisubiri. Katikati ya mbio hizo alikuwapo mtu mmoja ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia. Kompyuta ikiganda, ukamwita kwa kelele, alimaliza kwanza chai aliyokuwa akinywa, akafunga chupa, akaja kwa mwendo wake, na neno la kwanza lilikuwa lile lile: "Taratibu, ndugu yangu. Haijafa. Inafikiri tu."

Alianza kazi kama fundi wa taipureta. Wakati huo ofisi ya mbele ilikuwa na wapiga chapa wanne, na yeye alijua mashine ya kila mmoja kwa sauti yake. Akiwa ameketi chumba cha pili aliweza kusema ni herufi gani inayogota. Kompyuta mbili za kwanza zilipoletwa, uongozi uliziweka katika chumba chenye kufuli, zikafunikwa vitambaa vya mezani kama bibi harusi, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kuzigusa. Taratibu aliomba ruhusa ya kuzifuta vumbi. Alizifuta vumbi kwa miezi. Vumbi lilipokwisha alikuwa amejua namna ya kuzifungua, kuzifunga na kuziwasha, na mwaka uliofuata kiwanda kilimpeleka kusomea rasmi kile alichokuwa ameanza kukielewa. Aliporudi na cheti aliendelea kubeba bisibisi zake zile zile za taipureta.

Wengi wetu tunamkumbuka akiwa ameketi kwenye kigoda. Alikitoa chumba cha kujalidi vitabu, ambako kilikuwa kinatupwa kwa sababu mguu mmoja ulilegea. Akaupigilia kabari, akaanza kutembea nacho mkononi, mkoba wa vifaa ukining'inia bega la pili. Ukimwita kwa sababu kompyuta yako ni nzito au barua pepe hazifunguki, hakukwambia uondoke kitini. Hilo lilitushangaza sana mwanzoni, maana mafundi wengine kitu cha kwanza ni kukusimamisha. Yeye aliweka kigoda kando ya meza yako, akaketi, akasema: "Fanya kazi yako kama sipo." Kisha akanyamaza.

Kukaa na mtu aliyenyamaza si kazi rahisi. Msanifu kurasa mmoja alisema ni afadhali aangaliwe na daktari wa meno. Lakini fundi alikuwa na sababu yake, na alimweleza kila aliyeuliza. Ukisimama nyuma ya mtu, unaona skrini. Ukikaa chini, unaona mikono. Na yeye aliamini kwamba nusu ya magonjwa ya kompyuta yamo kwenye mikono, wala hakulisema hilo kwa kumlaumu mtu. Mikono inachoka, inazoea, ina mambo yake.

Mhasibu wetu wa zamani alikuwa na kompyuta iliyokuwa nzuri asubuhi na ikizeeka kila mchana. Ilibadilishwa waya, ikabadilishwa soketi, haikusaidia. Fundi akaketi na kigoda chake. Karibu na saa sita akamwona mhasibu, mwanamke msafi kupita kiasi, akiinuka na kukifunika kisanduku cha kompyuta kwa mtandio ili vumbi la karatasi kutoka dirishani lisikiingie, huku kinaendelea kufanya kazi. "Dada," akamwambia kwa upole, "mtoto ana homa, nawe unamfunika blanketi?" Mtandio ukaondolewa, homa ikashuka. Tangu hapo kila kompyuta inapopungua mwendo, mtu lazima aulize kama imevuliwa nguo.

Kisa cha mtunza ghala tulikijua baadaye, naye mwenyewe ndiye aliyetusimulia siku alipoagwa, akicheka hadi machozi. Kila alipoandika barua pepe, programu ilimruka: maneno yakitengana yenyewe, mistari ikishuka, barua ikiondoka kabla haijakwisha. Aliwahi kumtumia msambazaji wa wino barua yenye maneno mawili tu, "Ndugu, tafadhali". Fundi aliketi, akaangalia, akaona. Mtunza ghala ni mtu aliyejaaliwa tumbo, meza yake ilikuwa nyembamba, na tumbo lilikuwa likisaidia kuandika. Kesho yake asubuhi mtunza ghala alikuta meza nyingine, pana kidogo, na fundi akimwambia kwamba ile ya zamani imeliwa na mchwa. Alimwamini kwa miaka saba. "Mchwa," alituambia, akijipapasa tumbo. "Yule mzee aliniheshimu mpaka akawasingizia mchwa."

Tumeanza na hayo mawili ili msomaji ajue fundi alikuwa mtu wa namna gani kabla hatujafika kwenye kisa cha Mama Pacha, ambacho bila hicho wasifu huu haujakamilika. Mama Pacha mwenyewe ameturuhusu kukiandika, kwa sharti kwamba tukiandike chote.

Mama Pacha alikuwa, na bado yuko, kwenye dawati la wateja. Barua pepe zote za kazi huingia kwake: vitabu, kadi, kalenda, vipeperushi, risiti. Mwaka mmoja wateja walianza kulalamika kwamba wanaandika hawajibiwi. Mmoja, wa pili. Yeye akaapa kwamba barua hizo hazijafika. Kisha akaja baba mmoja mwenye kofia mkononi, aliyekuwa anamwoza binti yake Jumamosi ya wiki iliyofuata, akasimama mapokezi mbele ya watu na kusema, bila kupandisha sauti, "Nimetuma mara tatu, mwanangu. Mara tatu." Kadi zake hazikuwa zimeanza hata kupangwa. Tulizichapa zikawahi, lakini lile neno, mara tatu, lilibaki pale mapokezi kama harufu ya wino.

Uongozi ulimleta mtaalamu kutoka nje. Alikuja asubuhi, akamwomba Mama Pacha ampishe, akaipima ile programu ya barua pepe kwa mikono yake mwenyewe, akatuma, akapokea, akafuta, kila kitu kikatii. Akaandika kwamba mashine ni nzito kiasi lakini programu haina kasoro. Basi kama programu haina kasoro, kasoro ni ya nani? Meneja alimwita Mama Pacha akampa hadi Ijumaa aeleze barua zinakwenda wapi, la sivyo ataondolewa dawatini na kazini. Alikuwa anawalea pacha wake peke yake, ndiyo kwanza wameingia sekondari. Siku mbili zilizofuata alikula chakula cha mchana akiwa amesimama dirishani. Tuwe wakweli, wapo waliosema pembeni kwamba labda anazifuta kwa uvivu.

Fundi Taratibu alikuwa likizo. Alirudi siku ambayo kwenye shajara ya ofisi yetu ni Jumatano ya tarehe 11 Februari. Akasalimia, akasikia habari, akamaliza chai, akachukua kigoda.

"Fanya kazi yako kama sipo."

"Nitafanyaje kama hupo, mzee," akamjibu, "na mikono yote inatetemeka."

"Basi tetemeka. Mimi nina siku nzima."

Asubuhi yote haikutokea kitu. Barua zilifunguka, zikajibiwa. Watu walipita mapokezi wakijifanya wana shida na fotokopi. Baada ya chakula cha mchana mashine ikaanza kuwa nzito, kama ilivyokuwa desturi yake, na hapo ndipo aliyekaa chini akaona jambo ambalo aliyesimama asingeliona.

Kuliingia tangazo la vigae. Mama Pacha akabonyeza kitufe cha kufuta. Skrini haikusogea. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza mara ya tatu, haraka, huku anapokea simu na kumwitikia mteja aliyesimama mbele yake. Baada ya muda mashine ikazinduka, tangazo likatoweka, orodha ya barua ikapanda juu, naye akaendelea na iliyofuata. Hakuona lolote geni. Fundi akainama kidogo mbele.

"Barua mbili zilizokuwa chini ya lile tangazo," akauliza, "zimekwenda wapi?"

Mama Pacha akatazama skrini. "Barua gani, mzee?"

Walifungua pipa la barua zilizofutwa. Tangazo la vigae lilikuwamo. Chini yake zilikuwamo barua mbili ambazo hakuna aliyezisoma, moja ikitoka kwa shule iliyokuwa ikiuliza bei ya daftari. Ile mashine ilipoganda haikusahau chochote ilichoambiwa. Kila kitufe kilichobonyezwa ilikiweka akiba, na ilipozinduka ikatekeleza vyote kwa mkupuo: ikafuta tangazo, ikafuta iliyofuata, ikafuta na ya tatu. Na jioni, kompyuta inapofungwa, programu ilikuwa imepangwa kumwaga pipa lenyewe. Kesho yake asubuhi hapakuwa na hata alama ya kitu. Mtaalamu aliyetoka nje hakukosea. Alikuja saa ambayo mashine ilikuwa bado haijaanza kuganda, na hakuwa na simu sikioni wala mteja mbele yake.

Mama Pacha hakufurahi kama tulivyotarajia. Alikaa akiitazama mikono yake. Kwa hiyo kumbe ni mimi, alisema. Kumbe wote walikuwa sawa, ni mimi.

Fundi akamwomba kiti. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiketi kwenye kiti cha mtu mwingine. Akatafuta tangazo jingine lisilo na maana, akabonyeza kufuta, akasubiri. Skrini ikaganda. Akasubiri. Kidole chake, sote tulikiona, kikashuka chenyewe kikabonyeza tena.

Akacheka peke yake, akainuka, akaenda moja kwa moja kwa meneja. Katibu muhtasi aliyekuwa mlangoni ndiye aliyetuletea maneno yake. "Bosi," alisema, "nimekaa kwenye ile mashine nikijua ugonjwa wake. Hata mimi nimebonyeza mara mbili. Na ninyi wenyewe ndio mnaoniita Taratibu."

Meneja alishuka hadi mapokezi. Ni mtu wa haki, ila ni mwepesi wa mikono. Anayemjua hataki kupanda naye lifti, kwa jinsi anavyokibonyeza kile kitufe. Aliketi akafuta barua moja. Mashine ilipozinduka, orodha yote iliyokuwa kwenye skrini ilikuwa imekwenda. Fundi alikuwa ameshazuia pipa lisijimwage, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Meneja akageuka. "Nisamehe, mama," akamwambia Mama Pacha. "Mimi ningekuwa hapa, ningekuwa nimeshakifuta kiwanda kizima." Na siku ya Ijumaa, siku aliyopewa ya mwisho, Mama Pacha alikuwa dawatini akipokea simu.

Ilibaki kujua kwa nini mashine ile ilikuwa nzito kuliko zote. Jibu lilikuwa kwenye kikasha chake cha barua zilizoingia. Mama Pacha hakuwahi kufuta kazi ya mteja tangu aajiriwe. Picha za maharusi, majalada ya vitabu, ramani, nembo, kila kitu kilikuwa pale pale kilipoingilia, na programu ilibeba mzigo wote huo tangu asubuhi, hadi mchana ikachoka. "Kazi ya mtu haitupwi," ndivyo alivyojieleza. Kumbe ule uaminifu ndio uliokuwa ukimzamisha. Walioshauri kikasha kile kifutwe chote kisafishike walikuwa wengi, na meneja alikuwa karibu kukubali. Fundi alikataa. Alisema tatizo si kutunza. Tatizo ni kutunza vyote mlangoni, mpaka wenye nyumba wanashindwa kupita.

Ikamchukua wiki kadhaa. Alikaa na Mama Pacha mchana mchana, wakahamisha kazi hizo mwaka kwa mwaka kwenye diski ya pembeni, kila mteja mahali pake, wakaacha mlangoni barua za siku za karibuni tu. Mashine ikapona bila kununuliwa kifaa chochote zaidi ya ile diski. Miaka michache baadaye mwalimu wa kwaya mmoja alikuja amekata tamaa: kompyuta yake ilikuwa imeibiwa pamoja na kitabu chote cha nyimbo alizozitunga. Mama Pacha akamwambia aketi, amletee maji. Kabla maji hayajaisha kwenye glasi, kitabu kilikuwa kwenye skrini. Mwalimu alikifungua ukurasa wa kwanza akaanza kuuimba kwa sauti ya chini pale pale mapokezi, na fundi aliyekuwa akipita na mkoba wake alisimama akasikiliza hadi mwisho. Alikwenda zake akijaribu kuuimba na yeye, na ikumbukwe kwamba kuimba hakujaaliwa.

Hatutaki mtu adhani tunamuaga malaika. Mwandiko wake umewahi kuwashinda wasahihishaji wetu wote, ambao kazi yao ni kusoma. Mikutano yote aliingia wa mwisho, akauliza maswali yaliyokwisha kujibiwa. Chai yake ina sukari kiasi cha kusimamisha kijiko. Na kwamba kinyozi hajinyoi, mkewe, ambaye ni mwalimu wa chekechea, anaweza kutoa ushahidi: alitupigia simu kutujulisha kwamba feni ya sebuleni haijazunguka tangu mjukuu wa kwanza azaliwe, na mjukuu huyo sasa anang'oa meno ya utoto. Kengele ya mlango nayo inalia ikitaka. "Nyinyi mmemfaidi," alisema yule mama. "Sasa mleteni, na kigoda chake."

Mkoba tutampeleka nao. Kigoda hakiendi, na tunamwomba shemeji atuwie radhi.

Wiki hii ya mwisho fundi amekuwa akizunguka. Hakuitwa na mtu. Alianzia chumba cha mitambo, akapita kwa wasanifu, kwa wahasibu, kwetu sisi wasahihishaji, akaweka kigoda kando ya kila meza na kusema maneno yake yale yale. Kompyuta nyingi sasa ni mpya, hazigandi ovyo, na hakuwa na cha kutengeneza. Aliketi tu, akaangalia mikono yetu ikifanya kazi, akainuka, akaenda meza ya pili. Tulizoea zamani kuona aibu akitutazama. Safari hii hakuna aliyetaka aondoke.

Alimalizia mapokezi. Mama Pacha leo ndiye mkuu wa kitengo cha wateja, na pacha wake wamekwisha kuanza kazi, mmoja wao ni fundi umeme. Fundi Taratibu aliketi kando ya mama huyo alasiri nzima. Barua ziliingia, zikajibiwa. Tangazo likaja, likafutwa, kidole kikapanda juu na kungoja. Saa ya kufunga ilipofika fundi aliinuka, akashika mkoba wake, akatazama kigoda, kisha akakisukuma kwa mguu taratibu hadi chini ya dawati la Mama Pacha, akatoka.

Kigoda kiko pale. Mama Pacha ametangaza utaratibu, na meneja ameupitisha: kuanzia tarehe mosi Julai, mfanyakazi yeyote ambaye mashine yake inamshinda, kabla fundi mpya hajaitwa na kabla mtu hajalaumiwa, mwenzake atachukua kigoda na kukaa naye.

Fundi wetu, asante. Asante kwa mashine ulizoziponya na kwa aibu zetu ulizozifunika. Nenda salama kwa mama mwalimu, kwa wajukuu na kwa ile feni. Tunakuombea siku ndefu, chai tamu na afya ya kuinywa. Umetuambia kwa miaka thelathini na miwili tufanye kazi kama hupo, na hatukuwahi kuweza, maana ulikuwapo. Jumatatu tutajaribu. Tutabonyeza mara moja, tutangoja.